UZI: Kula bila gluteni nyumbani kwa jiko la Mombasa. Vipimo, vyakula, na makosa yanayorudisha maradhi

Tui_la_Kwanza

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Swali hili larudi kila mara: mtu ameambiwa aache ngano, afungua kabati, aona mkate, chapati, mahamri na tambi, kisha adhani hana tena cha kula. Hebu tuhesabu pamoja.

Wali wa nazi, pilau, biriani, sima, muhogo wa nazi, ndizi, viazi vitamu, mbaazi, maharage, samaki wa kupaka, kuku wa kupaka, mishkaki, mchicha, kisamvu. Vyote hivyo kwa asili havina gluteni. Chakula cha mchana cha nyumba nyingi za hapa hakina ngano hata chembe. Ngano imekaa kwenye chai: chai ya asubuhi na chai ya alasiri. Ukishatatua chai umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Sehemu ya pili, ambayo watu huidharau, ni vumbi la unga, mafuta ya karai na kibao cha chapati. Hapo ndipo wengi huanguka, hata wale wanaojua kupika.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya rai (rye). Haimo kwenye mchele, mahindi, mtama, mawele, wimbi, muhogo, dengu wala viazi. Nawakaribisha wanaojua waongeze, na wanaouliza waulize.

---

Maabara_Tu

Kabla ya jiko, neno moja. USIACHE ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha kwanza cha siliaki, yaani maradhi ambayo gluteni hujeruhi utumbo, ni cha damu, hutafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA, na hupimwa pamoja na IgA (aina ya kingamwili) yote kwa jumla, kwa sababu mwenye upungufu wa IgA anaweza kupata jibu safi lisilo la kweli. Kikitoka na dalili, daktari wa tumbo kwa kawaida hupitisha kamera mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya ngozi ya utumbo mwembamba.

Vipimo vyote hivyo huona jeraha ambalo ngano imelifanya. Ukiacha ngano miezi mitatu, jeraha laanza kupona, kingamwili zashuka, na karatasi yaweza kuandikwa huna kitu. Ushauri wa kawaida ni kuendelea kula ngano kwa zaidi ya mlo mmoja kwa siku, wiki sita au zaidi kabla ya kipimo. Kama tayari umeacha, mwambie daktari, usimfiche.

Ikithibitika, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja nao wapimwe hata kama hawana dalili, kwa sababu maradhi haya yafuata damu. Na si kuharisha peke yake: upungufu wa damu usiopona kwa vidonge, mtoto asiyekua, na vipele vya maji vinavyowasha viwikoni na magotini ni dalili pia.

Mzio wa ngano ni jambo jingine. Huo waweza kuvimbisha midomo na kubana pumzi ndani ya dakika chache, nao hauhusu shayiri kwa lazima. Msichanganye.

---

Mgeni_wa_Kisauni

Ahsanteni. Swali: shurba ya shayiri mwezi wa Ramadhani je? Na hizi oats ambazo watu huziita shayiri?

---

Bizari_Nzima

Dada, hapo pana mtego wa jina. Shayiri yenyewe, ile punje nene, ina gluteni, haifai kabisa. Oats ni nafaka nyingine. Yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hivyo pakiti ya kawaida dukani huwa imechafuka. Inayofaa ni ile iliyoandikwa "gluten free" tu, na hata hiyo wachache hawaivumilii. Kwa miezi ya kwanza iache kabisa, ili ukiumwa ujue si yenyewe.

Shurba itengeneze kwa mchele wa chenga. Kwa nusu kilo ya nyama ya mifupa weka kikombe kimoja kisichojaa cha chenga, uloweke nusu saa, uutie nyama ikishalainika. Moto mdogo, koroga dakika 25 hadi 30. Chenga hushika chini upesi kuliko shayiri, usiondoke jikoni.

---

Bizari_Nzima

Naendelea na ununuzi, maana pakiti zinadanganya.

Lebo zetu nyingi ni za Kiingereza. Maneno ya kutafuta ni wheat, barley, rye, malt na semolina. "Wheat free" si sawa na "gluten free": chakula kinaweza kukosa ngano kikawa na kimea cha shayiri. Kanuni ya kimataifa ya chakula, iitwayo Codex, yataka chakula kilichoandikwa "gluten free" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo.

Vinavyoficha ngano: sosi ya soya, soseji na smoki (nyingi hutiwa makombo ya mkate), vidonge na unga wa mchuzi wa pakiti, supu za pakiti, vinywaji vya unga vyenye kimea, na baadhi ya bekingi pauda. Mvuje nao! Ule wa unga kwenye kikopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usigandane. Anayepika dengu kwa mvuje kila siku atajitesa bila kujua.

Viungo nunua vizima, soko la Marikiti lipo. Gilgilani, uzile, pilipili manga, mdalasini, karafuu, hiliki. Saga mwenyewe. Bizari iliyosagwa tayari hujui imepita mashine gani.

Dengu na pojo zipepete kwenye ungo na uzichague kwa macho kabla ya kuziosha. Punje za ngano hupatikana humo mara nyingi kuliko mtu anavyofikiri. Usiache hata moja.

Na mashine ya kusaga ya mtaani: muulize mwenyewe kama anasaga ngano pia. Akisema ndiyo, kuchunga hakusaidii, kilo za mwanzo hubeba unga wa mtu aliyetangulia. Mchele usage nyumbani kwa blenda: osha, anika kivulini mpaka uvunjike ukiuuma, saga kikombe kimoja kimoja, chekecha, chenga zirudishe. Unga wa lishe wa uji usome kwanza. Baadhi una ngano au kimea.

---

Mwiko_wa_Chuma

Naja kwenye vumbi. Watu hudhani gluteni ni kama kijidudu, kwamba moto utaiua. Ni protini, si kitu kilicho hai, na moto wa jiko hauiondoi. Mafuta yaliyokaangia mahamri yana chembe za ngano hata yakichemka. Kaanga bhajia za dengu humo, bhajia zimeharibika. Ndiyo maana bhajia na viazi vya barabarani si salama hata unga wake ukiwa dengu tupu.

Kinachoondoa gluteni ni sabuni, maji na kusugua. Kwa hivyo kitu laini kama sufuria ya chuma, sahani, kijiko na glasi, osha vizuri, kitumie. Kitu chenye mikwaruzo, nyufa au matundu hakioshiki. Nunua kipya na ukitie alama:

kibao na mti wa kusukumia, mwiko wa mbao, chano, chekeche, kifumbu (kama kiliwahi kuchujia kitu chenye unga), chuma cha chapati kilichoganda masizi, sponji ya vyombo, na tosta kama ipo.

Alama iwe rangi. Utepe mwekundu kwenye mpini, hata mtoto wa miaka minne ataelewa. Maandishi watu hawasomi.

Siagi na jamu: kopo la pili la mgonjwa peke yake. Kisu kilichogusa mkate kikirudi ndani ya kopo, basi.

Unga wa ngano ukimwagwa na kuchekechwa huelea hewani na kutua kwenye kila kilicho wazi. Kama lazima chapati za ngano zipikwe, funika kila kitu, pika chakula cha mgonjwa KWANZA, kiweke pembeni kimefunikwa, kisha ndipo ufungue ngano. Kabatini vya mgonjwa vikae rafu ya juu. Unga humwagika kwenda chini, haupandi.

---

Mgeni_wa_Kisauni

Sasa je, nyumba nzima iache ngano au mtu mmoja? Tuko saba.

---

Tui_la_Kwanza

Rai yangu: sufuria kuu iwe moja, haina ngano, mle wote. Kupika vyungu viwili kila siku hakudumu, na wa pili huwa ndio wa mgonjwa, umepikwa kwa haraka. Wanaotaka ngano wale mkate wa kununua uliokatwa tayari, kwenye sinia yao, kona yao. Unga mkavu wa ngano usiingie nyumbani. Hapo umepunguza hatari bila kumnyima mtu mkate wake.

---

Mwiko_wa_Chuma

Sikubaliani nusu. Mgonjwa akiwa mtoto mdogo, mkate nao utoke miezi ya mwanzo. Mtoto hula makombo ya ndugu yake sakafuni, na kona ya mkate haina ukuta.

---

Tui_la_Kwanza

Hapo una haki. Kwa mtoto wa kutambaa nafuta neno langu.

---

Bi_Hiliki

Haya, tupike. Chai ndiyo tatizo, na dawa yake tumezaliwa nayo: mkate wa sinia, vitumbua na vibibi. Vyote ni mchele.

Mkate wa sinia. Vikombe 2 vya mchele (kama gramu 400), loweka masaa 8 au usiku kucha. Chuja maji yote. Saga kwa kikombe kimoja na nusu cha tui zito mpaka ukipaka baina ya vidole usihisi chenga. Tia sukari kikombe kimoja kasoro, hamira kavu kijiko kimoja cha chai, hiliki. Funika. Kwa joto letu dakika 45 hadi 60 zatosha. Ukiuona umejaa mapovu piga mayai 2, changanya polepole, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Oveni digrii 180, dakika 35 hadi 40. Kwa mkaa: moto mdogo chini, mwingi juu ya kifuniko.

Ukilala ukawa kama keki ya mpira, umeuacha ukaumuka kupita kiasi, mapovu yamepasuka. Ukitoa tabaka gumu chini, uji ulikuwa mwepesi na chenga zikazama: punguza tui, saga zaidi. Ukipasuka juu na kuwa mbichi ndani, moto wa juu ulitangulia.

Vitumbua. Mchele ule ule vikombe 2, tui kikombe kimoja na robo, sukari nusu kikombe, hamira kijiko cha chai, hiliki. Uji uwe mzito kuliko wa sinia, udondoke kwenye upawa kwa utepe mnene. Chuma kiwe na moto kabla ya mafuta, mafuta kabla ya uji. Kikishika, chuma kilikuwa baridi. Vitumbua vya kununua muulize mpishi. Wengine hutia ngano ili vishikane.

Na mkate wa mofa: wa asili ni mtama au mawele, lakini siku hizi huchanganywa ngano. Uliza pia.

---

Jikoni_Likoni

Bi Hiliki, mahamri je? Mbaazi bila mahamri mie siwezi kuwaambia watu wangu.

---

Bi_Hiliki

Mwanangu, tusidanganyane. Hamri hufura kwa sababu gluteni hunyumbuka kama mpira na kuzuia mvuke ndani. Mchele hauna huo mpira. Utapata andazi la mchele, zuri tu, lakini la kujaa ndani, halitakuwa na shimo. Mbaazi za nazi zipe vitumbua, au vibibi vya chumvi. Anayetaka kuiga hamri atamaliza mafuta na subira.

---

Mwiko_wa_Chuma

Chapati hata hivyo yawezekana, ukiwa na isabgoli. Ni yale maganda ya kuloweka ya kulainisha choo, huuzwa kwenye maduka ya dawa na ya Kihindi. Nunua tupu, isiyo na sukari wala ladha ya machungwa. Ikiloweshwa hugeuka ute, na ute huo ndio badala ya mpira wa ngano.

Unga wa kuchanganya, wa kuweka kopoini: gramu 600 unga laini wa mchele, gramu 250 konflawa (ule mweupe wa kufanyia kastadi, si unga wa sima), gramu 150 unga laini wa muhogo.

Kwa chapati sita ndogo: gramu 200 za mchanganyiko huo, isabgoli gramu 10 ambayo ni vijiko 2 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2, maji ya moto wa mkono mililita 200. Koroga isabgoli kwenye maji kwanza, ngoja dakika 5 yagande kama uji wa ute. Tia unga, kanda, funika dakika 20. Usiruke hizo dakika 20. Unga wa mchele hunywa maji polepole, na chapati inayopasuka ukingoni ni chapati iliyoharakishwa. Sukuma baina ya vipande viwili vya plastiki. Chuma cha moto wa wastani, mafuta baada ya kugeuza mara ya kwanza. Zile zikiwa moto, au zifunge kwa kitambaa. Zikipoa wazi hukauka.

Bila isabgoli: chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi na kijiko cha mafuta, mwaga kikombe kimoja cha unga wa mchele kwa mara moja, koroga kwa mwiko, funika, zima moto. Baada ya dakika 5 kanda ukiwa bado na joto unaloweza kulivumilia. Maji yasipochemka kweli kweli, wanga hauivi na donge halishikani. Hiyo ndiyo sababu ya kushindwa, mara tisa kati ya kumi.

Na msisahau roti za mawele wanazopika majirani zetu wa Kigujarati na Kikachi. Unga wa mawele, maji ya moto, chumvi, kupapasa kwa mkono. Ni mafunzo ya bure nyumba ya pili.

---

Jikoni_Likoni

Viazi karai na sambusa?

---

Bi_Hiliki

Viazi karai: unga wa dengu kikombe kimoja, unga wa mchele vijiko 2 vya chakula, manjano robo kijiko cha chai, chumvi, ndimu nusu, maji kiasi robo tatu ya kikombe. Uwe wa kushika mgongo wa kijiko. Viazi vichemshwe, vipoe, vikauke. Unga ukiteleza ndani ya mafuta, kiazi kilikuwa na maji: kipitishe kwanza kwenye unga mkavu wa mchele. Samaki wa kukaanga naye mpake unga wa mchele, hukauka vizuri kushinda ngano.

Sambusa, manda ni ngano, hakuna njia nyepesi. Ile nyama itie kwenye katlesi: kiazi nje, nyama ndani, chovya yai tupu bila makombo ya mkate, kaanga.

Bokoboko ni ngano pia. Lifanye la mchele: nusu kilo ya chenga, kilo moja ya nyama, ipikwe mpaka nyuzi ziachane, kisha usonge kwa mwiko kama kawaida, samli juu. Tambi za Idi chukua za mchele, loweka maji ya moto dakika 3 au 4, chuja, ndipo zikutane na samli, sukari na hiliki. Ukizichemsha kama za ngano zitakuwa uji.

---

Lishe_Pwani

Naongeza la lishe, kwa sababu wengi huacha ngano wakabaki na mchele mweupe asubuhi, mchana na usiku.

Tangu 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti utiwe madini na vitamini, chuma na foliki asidi zikiwemo. Ukiacha ngano umepoteza mlango mmoja wa vitu hivyo. Ukihamia sima ya unga wa kusagisha mtaani, umepoteza na wa pili. Na utumbo uliojeruhiwa tayari ulikuwa haufyonzi chuma vizuri.

Kwa hivyo: uji wa wimbi mara kadhaa kwa wiki (wimbi lina kalisi nyingi kushinda nafaka zetu nyingine), mbaazi, kunde, mchicha, maini, samaki, dagaa wanaoliwa na mifupa. Kamua ndimu kwenye mboga, au pika kwa ukwaju wenye uchachu, kwa sababu uchachu husaidia chuma kuingia. Chai ya rangi isifuatane na chakula, ngojeni saa moja hivi. Najua ni kumwambia mtu wa Mombasa jambo gumu.

Maziwa yakimsumbua mgonjwa mwanzoni, yaweza kuwa ni utumbo haujapona, si lazima aache maisha yote. Jaribu tena baada ya miezi michache.

---

Mgeni_wa_Kisauni

Swali la mwisho. Harusini na kwa majirani? Kukataa chakula kwetu ni aibu.

---

Tui_la_Kwanza

Zungumza na mpishi, si na mwenye harusi. Mwenye harusi atasema "hakuna shida" kwa heshima. Mpishi ndiye ajuaye kama pilau limetiwa unga wa mchuzi wa pakiti. Muulize mambo matatu tu: umetia kitu gani cha pakiti, umekaanga kwenye mafuta gani, na upawa wa pilau umegusa sinia la sambusa?

Akikujibu vizuri, pakuliwa wa kwanza, kabla sinia halijazunguka. Ukila sinia moja na wenzako, mkono uliomega chapati utaingia upande wako. Hapo omba sahani yako, useme ni amri ya daktari, na hakuna atakayeona aibu. Asipokujibu vizuri, tende, maembe, ndizi na kahawa tungu vinatosha mpaka urudi nyumbani.

---

Maabara_Tu

Na dawa za kunywa pia, mwulize mfamasia kama wanga uliomo kwenye kidonge ni wa ngano. Kipimo cha tTG hurudiwa baada ya miezi 6 hivi. Kisiposhuka, rudi kwenye orodha ya Mwiko_wa_Chuma kabla ya kumlaumu daktari. Anza na chekeche.